Mkia wa Tangi

Obwona alikuwa na imani mbili maishani. Ya kwanza ilikuwa ya kanisa, na hiyo alimwachia mkewe aishughulikie. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe: kwamba tangi lililojaa ni tangi la mjinga.

Imani hii aliipata kwenye usukani, miaka ile baada ya vita vya themanini na sita, Kampala ilipokuwa bado inajikung'uta vumbi na mafuta yalikuwa adimu kama sukari. Alikuwa dereva wa ofisi fulani ya serikali. Ukilaza gari na mafuta, asubuhi ulilikuta limenyonywa mpaka tone la mwisho, mlinzi naye anakuapia kwamba hakufumba jicho. Kwa hiyo madereva wakawa wanawawahi wezi. Gari likirudi jioni, mpira unaingia kwenye tangi, mtu anavuta kwa mdomo, anatema, na kilichobaki kinahamia kwenye jerikeni. Waliachia gari kiasi cha kulifikisha kituo cha mafuta kesho yake, basi. Kilichotolewa waliita mkia, na mkia ulikuwa wa dereva. Hakuna aliyeuita wizi, kama vile hakuna anayemwita mpishi mwizi kwa kukwangua ukoko wa sufuria. Wakubwa walijua, na wengine walituma jerikeni zao.

Obwona alikuwa fundi wa mkia. Alichovya kijiti, akakitazama, akajua gari litafika wapi. Wenzake walizimikiwa Mukono, walizimikiwa Mpigi, wakasukuma magari huku suti za mabosi zikiloa jasho. Yeye hata siku moja. Alikuja kustaafu na sifa hiyo, na kwa kuwa hakupewa sifa nyingine, aliitunza sana. Ukikaa naye kwenye kibuyu cha pombe ya wimbi angekusimulia habari za vijiti vyake mpaka usinzie.

Alipostaafu hakurudi kwao Gulu. Binti yake Ajok alikuwa koplo jeshini, kazi yake ikiwa Mbuya, na wazee wakapanga nyumba huko huko kilimani ili wamkaribie. Mkewe Joska alifungua kinu cha kusaga mahindi bondeni Kinawataka, kijumba cha mabati chenye injini ya dizeli iliyopiga kelele kuanzia asubuhi mpaka watu wanaepua vyungu vya jioni. Obwona naye, kwa kuchoka kukaa, akaenda kuwa mtunzaji wa mashua ya tanga.

Mashua hiyo iliitwa Pumziko. Mwenyewe alikuwa Mwalimu Odyek, mtu wa Lira, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na kuchora ziwa ubaoni mara nyingi kuliko alivyoliona. Alipostaafu aliinunua mashua kuukuu kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Watu wa nyumbani walimcheka. Tangu lini mtu wa Lira akawa na mashua, tena ya kuchezea? Yeye hakujali. Kila Jumapili alishuka Luzira na kofia yake ya ukili, akapandisha tanga, na akawa mtu mwenye furaha kupita wote gatini. Obwona alimpenda kwa hilo, na Mwalimu alimpenda Obwona. Wote wawili walikuwa wa Kiluo, lugha zao zikisikilizana, na waliongea kama ndugu. Walikula sahani moja.

Pumziko ilikuwa na tanga, lakini ilikuwa pia na injini ndogo ya dizeli, maana upepo wa ziwa lile una kiburi na huondoka bila kuaga. Tangi lake lilikuwa pana na fupi, limelazwa chini ya benchi la nyuma. Siku ya kwanza kabisa Mwalimu alimwambia kwamba tangi la mashua liwekwe limejaa siku zote. Nafasi tupu ndani ya tangi hutoa jasho, jasho ni maji, na maji yakiingia kwenye dizeli ni balaa. Obwona aliitikia kwa heshima zote. Moyoni alisema huyu mwalimu amesoma ramani, lakini tangi hajui. Tangi lililojaa, limeachwa gatini wiki nzima, linaangaliwa na mlinzi anayelala kwa zamu zote? Alicheka peke yake.

Aliyejaza tangi hilo alikuwa Hortense, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyekimbia vita vya kwao na kuishia kuuza dizeli kwa wenye vyombo kwenye gati lile dogo la Luzira. Dizeli aliiita mazutu, jerikeni aliziita bidoni, na kila alichouza alikipitisha kwenye kitambaa cheupe alichokifunga mdomoni mwa faneli, mnunuzi akiangalia. Takataka zikionekana kwenye kitambaa, alirudisha yote kwenye pipa na kuanza upya. Kitambaa hicho ndicho kilikuwa duka lake. Hakuwa na kibanda, hakuwa na ndugu, hakuwa na karatasi ya maana. Alikuwa na neno la watu wa gati kwamba mafuta ya Hortense ni safi na kipimo chake ni kamili, na kwa neno hilo alikula.

Basi kila Ijumaa Hortense alijaza tangi la Pumziko mbele ya Obwona, na kila Jumamosi asubuhi Obwona alikuja na mpira wake, akakata mkia. Mwanzoni alikata kidogo tu, akapeleka kwenye kinu. Joska alipouliza, alimwambia ni mabaki ya kazi, na Joska, aliyekuwa mke wa dereva miaka yote, hakuuliza mara ya pili. Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, wazazi wakaleta mahindi kwa magunia, injini ya kinu ikawa inakunywa bila kushiba. Mkia ukarefuka.

Jumamosi hiyo ninayoisema, Obwona alinyonya mpaka jerikeni ikajaa pomoni. Alichovya kijiti. Kiasi kilichobaki kingefika kisiwani na kurudi, kwa macho yake ya fundi, na hata kidogo cha ziada. Jerikeni ilikuwa nzito na mgongo wake haukuwa tena wa kijana, kwa hiyo Hortense, aliyekuwa anapita na faneli yake, alishika mkono mmoja wa jerikeni na wakaipandisha pamoja kwenye bodaboda. Aliuliza kwa utani kama Pumziko imepata kuhara. Obwona akacheka, akasema ni mkia tu wa dereva. Bodaboda ikaondoka.

Jumapili Mwalimu alikuja na mgeni. Dada yake mkubwa, Mama Alum, alikuwa ameteremka kutoka Lira, bibi mwembamba mwenye macho makali ambaye hajawahi kukanyaga maji yaliyozidi magoti. Mwalimu alitaka sana aone kile ambacho watu wanamchekea. Obwona alimshika mkono bibi huyo akamwingiza mashuani, akamkalisha kwenye benchi la nyuma, juu kabisa ya tangi, na bibi akamwambia, kwa kuwa wewe ni mtu mzima, mimi nitakushika wewe, huyu mdogo wangu simwamini.

Walikwenda vizuri. Upepo uliwachukua mpaka kisiwani, wakala samaki, bibi akacheka na kuvua viatu. Walipogeuza kurudi, alasiri, mbingu ya upande wa kusini ilikuwa imenuna. Kisha upepo ukazima. Wanaolijua ziwa wanaujua ukimya ule: tanga linaning'inia kama shuka kwenye kamba, na kwa mbali unaona maji yamekuwa meusi na yanakuja. Mawimbi ya dhoruba iliyo mbali yalianza kuwafikia kabla ya dhoruba yenyewe. Mwalimu akasema washe injini waikimbie, gati halikuwa mbali.

Obwona aliiwasha. Iliwaka kwa mpigo mmoja, naye akajisikia vizuri. Walikwenda hivyo, mashua ikiinama kulia, ikiinama kushoto, na kila ilipoinama Obwona akaanza kusikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwenye gari lolote. Injini ilikuwa inakohoa. Inakohoa, inashika, inakohoa. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, jasho jembamba likamtoka kwa ajili ya kijiti. Barabara imelala. Kijiti cha barabarani hupima mafuta yaliyotulia. Lakini tangi hili pana linapoinama, mafuta machache yote hukimbilia pembeni, bomba la kunyonyea likabaki linavuta hewa, na mashapo ya chini yakavurugika yakafuata. Kilichokuwa kinatosha gatini hakikutosha hapa. Injini ikakohoa mara moja zaidi, ikanyamaza.

Alipiga ufunguo, hakuna. Alijua hakuna. Injini ya dizeli ikishavuta hewa haiwaki kwa kubembelezwa, mpaka ulegeze skrubu na kuitoa hewa yote kwa kupampu kwa kidole, na huwezi kufanya hivyo huku mashua inakurusha kama mahindi kwenye ungo. Dhoruba ikawakuta hapo hapo. Mwalimu aliparamia tanga kulishusha, kamba ikamchana kiganja. Bibi Alum alikuwa amemkumbatia Obwona mkono kwa mikono yake yote miwili, anatapika na kuomba, anaomba na kutapika, na kila alipopumua alisema usiniache mwanangu. Viatu vyake vilichukuliwa na maji. Obwona alimshika, usukani akaushika kwa mkono wa pili, na kwa kweli aliushika vizuri, aliiweka mashua ikielekeza pua kwenye mawimbi, maana isingekuwa hivyo wangepinduka. Hilo lazima lisemwe. Lakini alipokuwa anaushika alijua kwamba anamlinda bibi huyu dhidi ya kazi ya mkono wake mwenyewe.

Wavuvi waliokuwa wanakimbilia nchi kavu waliwaona, wakawatupia kamba, wakawaburuta mpaka Luzira.

Gatini watu walikuwa wamejaa. Mwalimu alitoka na kiganja kimefungwa leso iliyolowa damu. Alikuwa mpole, lakini hofu humtoa mtu kwenye upole wake. Alifungua kifuniko cha tangi mbele ya watu wote, akachovya kijiti, akakitoa na dalili tu ya mafuta nchani. Akamgeukia Hortense aliyekuwa amesimama na faneli yake mkononi. Alimuuliza kwa sauti ya darasani yako wapi mafuta yaliyojazwa Ijumaa. Hortense akasema alijaza mpaka juu, kama kawaida. Watu wakaanza kunong'ona. Mvuvi mmoja akasema labda faneli ina njia zake. Mwalimu akamgeukia Obwona.

"Wewe ulikuwepo," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Alijaza au hakujaza?"

Swali lilikuwa jepesi, jibu lake neno moja. Obwona alifungua mdomo. Alimwona Hortense anamtazama, si kwa kumwomba, bali kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni, ana hakika itafika. Na Obwona, aliyejisifu miaka yote kwamba hajawahi kuzimikiwa njiani, akasema:

"Mimi sikuangalia mpaka mwisho, Mwalimu. Hawa watu wa Kongo, mtu anajua?"

Basi. Maneno machache tu, tena hakusema uongo ulio wazi, alisema tu jambo ambalo watu walikuwa tayari kulisikia. Walilipokea kwa mikono miwili. Opoka, msimamizi wa gati, alimwambia Hortense aondoe pipa lake siku hiyo hiyo. Hortense hakubisha. Alikifungua kitambaa cheupe kutoka kwenye faneli, akakikamua, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa nguo. Hakumtazama Obwona tena, na hilo lilimchoma kuliko kama angemtukana.

Halafu likaja lililo baya zaidi. Bibi Alum, miguu mitupu, alimwita. Aliishika mikono yake yote miwili, akaifungua viganja juu, na mbele ya watu akavitemea mate kidogo, cheche tu za mate, kama wanavyofanya wakubwa wa kwao na kwa akina Obwona pia wanapombariki mtu aliyewaokoa. Akasema kwa Kiluo mikono hii isikose kitu. Watu waliojua maana yake waliguna kwa heshima. Obwona alisimama ameinyosha mikono yake iliyonuka dizeli, akitamani ardhi ipasuke immeze. Baraka ya mtu mzima haifutwi. Alikwenda nayo nyumbani viganja wazi, akapanda kilima cha Mbuya hivyo, na watu wakadhani ameumia.

Wiki ile hakuwa mtu. Alinawa mikono kisha akajilaumu kwa kunawa. Joska alimpakulia ugali wa unga wa kinu, Obwona akamega tonge, akaliangalia, akalirudisha sahanini. Alijifanya ana homa. Aliposhuka Luzira kuitoa hewa ile injini, alifanya kazi huku amewapa watu mgongo, na kila mtu aliyepita alimpa pole na kumsifu kwa ushupavu wake. Mzee aliyeokoa bibi. Kila sifa aliimeza kama kidonge kichungu. Aliona aibu wakati wa kuzungumza, akaona aibu wakati wa kunyamaza.

Hortense alikuwa amehamishia pipa lake kando ya barabara, karibu na ukuta mrefu wa gereza, mahali ambapo hapiti mwenye mashua. Wenye bodaboda hawatumii dizeli. Wapita njia walimwita mama wa faneli. Obwona alipita mbele yake mara kadhaa akijitia kuwa na haraka, mpaka siku moja miguu ilimgomea, akasimama. Alimuuliza, bila salamu, kwa nini siku ile hakusema. Yeye ndiye aliyeinua ile jerikeni. Alijua kila kitu.

Hortense alikuwa anafua kitambaa chake kwenye beseni. Aliendelea kufua.

"Papa Ajok," akasema, "mi ni mukimbizi. Ningesema weye ulikamata mazutu, batu bangesema Mukongo anaiba, na tena anasingizia mwenye inchi. Neno yangu ingeongeza tu matope. Neno yako njo ilikuwa inaweza kunitoa." Akakamua kitambaa. "Nilingoja. Sasa siwezi ngoja tena, niko na kazi."

Obwona aligeuka pale pale. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, kabla moyo haujapoa.

Aliwakuta Mwalimu na dada yake wamekaa barazani wanachambua njugu. Alisimama, alikataa kiti, akasema yote: mkia, mpira, kijiti, kinu cha Joska, na yale maneno aliyoyatoa gatini. Hayo ya mwisho aliyasema chini chini, ikabidi ayarudie.

Mwalimu aliiweka kando njugu aliyoishika. Aliangalia kiganja chake kilichokuwa bado kimefungwa. Kisha akafanya jambo ambalo Obwona hakulitarajia: akamsamehe. Akamsamehe upesi mno. Alisema yamepita, mafuta ni mafuta tu, wao ni ndugu, na asirudie. Akaongeza, huku akiangalia njugu, kwamba hakuna haja ya kuyapeleka gatini. Yeye Mwalimu ndiye aliyemkaripia yule mama mbele ya halaiki. Wakirudi leo kusema walikosea, wataonekanaje? Mama yule atapata pa kuuzia kwingine, watu wale huwa wanapata. Yaishe hapa hapa barazani.

Na aibu ya Obwona, ambayo alidhani imefika mwisho, ikapata chumba kingine cha kuingia. Kwa sababu kwa nukta moja alifurahi. Alipewa mlango, mlango mzuri wa ndugu, na mguu wake ulishainuka kutoka.

Kisha akakumbuka viganja vyake. Alimgeukia Bibi Alum, akapiga magoti kama kijana, akamnyoshea mikono. Alimwomba airudishe baraka yake, maana aliitoa kwa mtu asiye yeye.

Bibi aliitazama ile mikono muda mrefu. Alikuwa amekasirika, midomo ilikuwa inamcheza. Aliyatazama maganda ya njugu mapajani mwake, akayapukutisha.

"Mimi nimeshatema," akasema. "Sasa ifanyie kazi."

Hakumwinua. Obwona alijiinua mwenyewe.

Jioni hiyo ilibidi amweleze Joska, kwa sababu aliihitaji ile jerikeni. Joska alisikiliza kando ya kinu chake, nyusi nyeupe kwa unga. Aliizima injini, na bonde zima likanyamaza. "Kwa hiyo nimekuwa nikisaga nini?" akauliza. Joska alizikusanya jerikeni zote za dizeli zilizokuwa pale, za mkia na zisizo za mkia kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzitenganisha, akazipanga mlangoni, kisha akafunga kinu na kuwaambia wateja warudi siku nyingine. Ilikuwa wiki ya shule, na walirudi kwa kinu cha jirani.

Jumapili, saa ambayo gati hujaa, wavuvi wanauza, wenye mashua wanashuka na vikapu vyao, Obwona aliteremka kwenye bodaboda na jerikeni moja kati ya zile. Hakuipitisha pembeni, aliipitisha katikati ya watu, na kwa kuwa mgongo ulikuwa ule ule, alitua mara kwa mara, na kila alipotua watu wakamtazama. Alikuwa amemwomba Hortense aje. Hortense alikuja, akasimama nje ya mpaka wa gati alipokatazwa kuvuka, mikono kifuani.

Obwona aliitua jerikeni miguuni pa Opoka. Alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima, yote yakamtoroka, akabaki na Kiswahili chake cha gereji.

"Mafuta ya Pumziko ni mimi nilitoa," akasema. "Na mpira, Jumamosi. Huyu mama alijaza yote. Mimi nilijua, na nikasema ile maneno. Huyu hakuna kitu yeye aliiba. Mwizi ni mimi."

Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa afadhali wangemzomea. Mvuvi aliyesema habari za faneli alijishughulisha na nyavu zake. Mmoja alicheka, kicheko kifupi cha pua, akasema kumbe mzee mwokozi, na hilo likatosha kumvua Obwona joho lote alilovikwa wiki ile. Mwalimu Odyek alikuwa amekaa mashuani, kofia imeshuka machoni. Kisha alitoka, akapita katikati ya watu, akaenda mpaka pale alipo Hortense, akavua kofia. Aliyomwambia hakuna aliyeyasikia, ila walimwona Hortense akiinamisha kichwa kwamba amesikia. Si kwamba amekubali; amesikia.

Opoka akasema basi pipa lirudi. Hortense hakulikimbilia. Alivuka mpaka, akaja pale penye jerikeni, akaifungua, akanusa. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifunga kwenye faneli mbele ya watu wote, akaanza kuyamimina mafuta ya Obwona kwenye tangi la Pumziko, taratibu, akiyachuja. Kitambaa kilibaki na vumbi jembamba la unga. Alikiinua watu wakione. Kisha akamwita.

"Papa Ajok. Chovya kijiti. Uonyeshe batu."

Obwona alichovya, akakiinua. Hakikuwa kimeloa mpaka juu, kwa hiyo Hortense akaongeza ya kwake, akamwambia achovye tena. Alichovya tena, akakiinua tena mbele ya wavuvi, wachuuzi, na wenye mashua na vikapu vyao. Hortense akasema kuanzia leo atauza mafuta kwa Pumziko kwa sharti hilo tu. Kila akijaza, mzee achovye na kuonyesha watu. Na kila mara kabla ya mashua kuondoka, achovye na kuonyesha tena.

Joska alikifungua kinu baadaye, na sasa huja mwenyewe kununua dizeli kwa Hortense, na kama wanaongea habari za Obwona hawaongei akiwepo. Bibi Alum alirudi Lira na viatu vipya. Mwalimu na Obwona bado wanakula sahani moja, ingawa kuna mazungumzo ambayo wote wawili huyakwepa.

Na kijiti bado kinainuliwa. Ukishuka gatini pale Jumapili utamwona mzee, mgongo umeanza kupinda, anafungua kifuniko chini ya benchi la nyuma, anachovya, kisha anasimama wima na kukiinua kijiti juu ya kichwa chake, akikigeuza taratibu upande huu na upande ule ili kila aliyepo akione. Wageni hudhani ni kanuni ya usalama. Hivi karibuni mama mmoja, mgeni wa Mwalimu, aliyekuja kupanda mashua na watoto wake alivutiwa sana, akamwambia Hortense kwamba hajawahi kuona mzee mwaminifu namna ile, wana bahati ya kuwa naye.

Hortense alikuwa anafunga kitambaa chake. Obwona alikuwa karibu, kijiti mkononi, na alisikia kila neno.

"Njo vile," Hortense akamjibu yule mama. "Tunamupimaka kila siku."

Obwona akakifuta kijiti, akakirudisha mahali pake, akaenda kumsaidia mama yule kupandisha watoto.